KUFUNDISHA USAFISHAJI WA MAJI YA ARDHINI YALIYOINGIWA NA PETROLI

Mwalimu wa shule ya msingi huwafundisha watoto kwamba maji ya kisima yachemshwe kabla ya kunywewa. Fundisho hilo ni jema, kwa sababu moto huua vijidudu. Lakini upo uchafu ambao kuchemsha si dawa yake, nao ni petroli inayovuja kutoka katika matangi yaliyozikwa chini ya vituo vya mafuta. Mtoto aliyefundishwa kuchemsha tu atayateleka maji hayo jikoni na kuvuta mvuke wenye madhara, huku akidhani amejikinga. Kwa hiyo tunawaletea wanachuo somo hili la sayansi kwa darasa la 6 na la 7.

1. Maarifa ya mwalimu

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu hana budi kuyajua mambo matatu. Kwanza, tangi la chuma lililozikwa huliwa na kutu, na mafuta yaweza kuvuja kidogo kidogo kwa muda mrefu bila mtu kutambua. Pili, petroli ni nyepesi kuliko maji. Ishukapo ardhini na kuyafikia maji, huelea juu yake. Tatu, haielei yote. Sehemu yake hunata kwenye udongo, sehemu hugeuka mvuke, na sehemu huyeyuka na kusafiri pamoja na maji kuelekea visimani. Miongoni mwa vitu viyeyukavyo ni benzini, kemikali inayoweza kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba benzini katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kiasi hicho hakinusiki. Basi kipimo cha kutegemewa ni cha maabara, wala si pua.

2. Vifaa

Chombo kikubwa cha kioo au plastiki kinachoonyesha ndani, changarawe zilizooshwa, mrija uliotobolewa matundu ubavuni, bomba la sindano lisilo na sindano, maji, na mafuta ya mawese, ambayo wekundu wake huonekana vizuri. Petroli yenyewe isiletwe darasani kamwe, kwa kuwa hushika moto upesi na mvuke wake hudhuru.

3. Hatua za somo

(a) Simamisha mrija ndani ya chombo, kisha jaza changarawe hadi robo tatu. Mrija huo ndio kisima.

(b) Mimina maji hadi nusu ya chombo. Wanafunzi waonyeshe kwa kidole usawa wa maji ya ardhini.

(c) Mimina mililita 50 za mawese kando ya chombo. Kabla ya kumimina, kila kikundi kiandike kinatazamia mafuta yatakaa wapi.

(d) Vuta mafuta kutoka kisimani kwa bomba, kisha yapime. Wanafunzi watoe kiasi kilichopatikana katika 50. Waulize: yaliyobaki yako wapi?

(e) Ongeza maji taratibu, kama mvua za masika ziongezavyo. Mafuta yatapanda na kupaka changarawe zilizokuwa safi.

Mwalimu asiharakishe kulijibu swali la hatua ya (d). Wanafunzi wakishaona mafuta yaliyonata, watajua wenyewe kwamba pampu peke yake haitoshi. Hapo aeleze kuwa mawese hayayeyuki majini kama zifanyavyo baadhi ya kemikali za petroli, ili mfano usiwapotoshe.

4. Jinsi mafundi wasafishavyo

Kwanza huzuia mvujo kwa kuliondoa au kulitengeneza tangi. Pili, huvuta kwa pampu mafuta yanayoelea. Tatu, hufyonza mvuke uliomo udongoni kwa mabomba. Nne, huyatoa maji na kuyapuliza hewa ili kemikali ziruke, au huyapitisha katika mkaa maalumu unaozinasa. Mwishowe, hewa yaweza kuingizwa ardhini ili bakteria walao mafuta wapate oksijeni. Kazi hii huchukua miaka.

Mfano mzuri ni mji wa Santa Monica, katika jimbo la California, Marekani. Mwaka 1996 mji huo ulifunga visima vilivyokuwa vikiupatia kiasi cha nusu ya maji yake, kwa sababu viliingiwa na MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa na petroli ili iungue vizuri. Kemikali hiyo huyeyuka upesi majini. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya maji ya visima vikubwa vya Charnock kusafishwa na kurudishwa katika matumizi. Ikiwa mji wenye mali na wataalamu ulisubiri hivyo, kijiji chenye kisima kimoja kitafanyaje? Swali hilo liwe la majadiliano. Lakini mwalimu asiruhusu kituo chochote cha jirani kituhumiwe bila vipimo.

5. Maswali ya kupima

(i) Kwa nini petroli huelea juu ya maji?
(ii) Kwa nini kuchemsha hakufai kwa maji yenye petroli?
(iii) Taja njia mbili za kuyasafisha maji hayo.

Swali la pili ndilo kiini cha somo. Mwanafunzi atakayejibu kwamba maji yanukayo petroli yasinywewe, yasitelekwe motoni, na mkubwa aarifiwe ili wataalamu wa maji waitwe, huyo amefuzu, hata kama amesahau jina la benzini.