SOMO LA NYUMBANI: TUWAFUNDISHE WATOTO HISTORIA IPI YA KANISA?



Jioni moja baada ya chakula, mjukuu wetu wa darasa la sita alituuliza: "Babu, Wazungu walipoleta dini, sisi tulikuwa tunafanya nini?" Tulimjibu haraka haraka, kama ilivyo desturi ya walimu, kisha usiku tukakosa usingizi. Kwa miaka mingi tuliwafundisha wanachuo wa ualimu namna ya kuandaa somo la historia. Lakini tulipofungua daftari letu wenyewe la historia ya Kanisa, tulikuta majina ya maaskofu wa Ulaya mstari baada ya mstari, na Mwafrika mmoja tu, naye hakutajwa jina. Mtoto hakukosea kuuliza. Sisi ndio tuliokosea kuchagua.

Wajibu huu ni wa nani? Zamani shule za misheni zilifundisha mambo haya. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 nyingi zilikuwa mali ya Serikali, watoto wa dini zote wakae dawati moja. Jambo hilo lilikuwa jema. Leo shuleni kuna kipindi cha dini, na kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hata hivyo historia ya Kanisa hasa hatuwezi kuidai kwa mwalimu wa darasa. Zaburi ya 78 inawaagiza wazazi wenyewe wasiwafiche watoto matendo ya Mungu. Hatusemi mtoto atolewe shule, la hasha. Tunasema juu ya nusu saa ya nyumbani, mara moja kwa juma. Swali ni hili: tukishika kitabu, tukipimeje?

Kipimo cha kwanza: kinaanzia wapi? Kitabu kinachoanza na meli ya wamisionari kimechelewa sana. Matendo ya Mitume sura ya 8 inamtaja Mwethiopia aliyebatizwa njiani. Mwaka 203, huko Kartago katika nchi ya Tunisia ya leo, Perpetua na mtumwa Felisita waliuawa pamoja kwa ajili ya imani. Katika karne ya 4 Athanasio wa Aleksandria alimweka Frumentio kuwa askofu wa Aksum, na Mfalme Ezana akawa Mkristo. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka 1,000 kabla Vasco da Gama hajapita pwani yetu mwaka 1498. Kijana akijua hayo, hatababaishwa na mtu atakayemwambia barazani kwamba Ukristo ni dini ya Mzungu.

Kipimo cha pili: je, watu wetu wana majina? Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, Sultani alimkabidhi wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ni John Swedi. Mwaka 1879 alifanywa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa utotoni, alipewa ukasisi mwaka 1890, akahubiri kwa watu wa kabila lake huko Chitangali, upande wa Masasi. Askofu Steere tunamheshimu, kwa maana alijifunza lugha yetu, na mwaka 1870 alitoa kitabu cha kuifundisha. Lakini mtoto ajue pia kwamba Injili ilibebwa vijijini na miguu ya watu kama Majaliwa.

Kipimo cha tatu: je, kinasema kweli hata inapouma? Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale. Hapa mzazi awe mwangalifu. Sisi wa Pugu tunaishi na majirani Waislamu. Tunazikana, tunakopeshana chumvi. Mtoto asitoke katika somo hili akimchukia rafiki yake wa jirani. Mwambieni kwamba hata Wakristo wa Ulaya waliwavusha Waafrika Bahari ya Atlantiki kwa pingu, wakienda kanisani Jumapili. Dhambi ile haikuwa ya dini moja.

Hapa hapa Pugu pana somo lingine. Mwaka 1888 wamisionari Wabenedikto wa Kanisa Katoliki walianzisha kituo chao. Januari 1889, katika vita vya kuipinga kampuni ya Wajerumani, kituo kilishambuliwa. Baadhi yao waliuawa na wengine wakatekwa. Tuwalilie waliokufa, lakini tumweleze mtoto pia kwamba wenyeji walikuwa wakipigania nchi yao, na machoni pao msalaba na bendera ya kampuni vilikuja pamoja. Mtoto anayefichwa jambo hili atalisikia kwingine, kisha atajiuliza tumemficha mangapi mengine.

Kipimo cha nne: je, kinafika kwetu? Jimbo la Kanisa la Tanzania lilizaliwa mwaka 1970, na Askofu Mkuu wa kwanza alikuwa John Sepeku. Baada ya hapo kitabu hunyamaza, na wazee wa mtaa huanza kusema. Mpelekeni mtoto kwa bibi mmoja mzee wa kanisa na daftari. Aulize nani alimbatiza, na wapi walisali kabla ya kanisa kujengwa.

Mtu atasema, "Mwalimu, sina fedha ya vitabu." Tumieni kalenda ya Kanisa. Perpetua ana siku yake tarehe 7 Machi, Mashahidi wa Uganda 3 Juni, Augustino wa Hipo 28 Agosti, Askofu Hannington 29 Oktoba. Siku ikifika, simulieni habari moja, mtoto aisimulie tena kwa maneno yake, kisha msali pamoja. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwomba mtoto amsomee. Hilo nalo ni somo.

Mjukuu wetu tulimrudia, tukamwambia jibu letu la kwanza lilikuwa bovu, tukamsimulia habari za Swedi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kumbe alikuwa mvulana kama mimi?" Naam, mvulana kama yeye.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni Wakristo gani watatu wa Afrika ambao watoto wako wanawajua kwa majina?
2. Utamwelezaje mtoto habari za Mkunazini bila kumtia chuki?
3. Ni mzee gani wa mtaa wetu ambaye habari zake hazijaandikwa bado?

Mungu atusaidie kusema kweli kwa upendo. Amina.