"Madoadoa" na Tangazo la Kulipiwa: Kiswahili Mbele ya Kampuni Kubwa za Teknolojia

Katika kamusi, madoadoa ni alama ndogondogo zenye rangi tofauti na ile ya kitu zilipo. Ng'ombe ana madoadoa, na pia chui. Katika siasa za Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990, neno hilo limebeba maana nyingine: watu wa jamii ngeni wanaopaswa kuondolewa. Januari 2022, seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka katika mkutano mjini Eldoret. Miezi mitatu baadaye, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ikaliweka katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na kwekwe, yaani magugu ya shambani.

Ni dhahiri, basi, kwamba sheria ya Kenya humwajibisha msemaji. Makala haya yanachunguza ni nani humwajibisha mwenye jukwaa.

Julai mwaka huohuo, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook. Yaliwasilisha matangazo ya kulipiwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yaliyochochea mauaji ya kikabila, kisha yakayaondoa kabla hayajaonekana na umma. Matangazo ya Kiswahili yaliidhinishwa. Yale ya Kiingereza yalikataliwa mwanzoni, na sababu iliyotolewa ilihusu sarufi na lugha chafu. Yaliposahihishwa kidogo, nayo yakapita. Kwa kichujio hicho, sarufi mbovu ilikuwa kosa lakini wito wa kuchinja haukuwa kosa.

Mtu anaweza kuitetea kampuni kwa hoja ya kisemantiki, kwamba mashine haiwezi kulifumbua fumbo kama madoadoa, ambalo maana yake hutegemea msemaji, mahali na msimu wa kura. Hoja hiyo ina uzito, na wanafunzi wa pragmatiki wanaifahamu vyema. Hata hivyo, haiwezi kutumika hapa. Matangazo yale hayakuwa mafumbo. Yalisema waziwazi, kwa vitenzi ambavyo mtoto wa shule ya msingi angevielewa. Aidha, kampuni ilikuwa imetangaza kwamba ina wasemaji wa Kiswahili wanaosaidia kuondoa maudhui hatari. Baada ya tangazo hilo, matangazo mengine ya jaribio yaliidhinishwa vilevile. Ikumbukwe pia kwamba tangazo la kulipiwa si gumzo la mpita njia. Kampuni hulikagua na kulipokea malipo yake. Anayeweza kuuza kwa Kiswahili hana budi kusoma Kiswahili.

Tarehe 29 Julai, Tume iliipa kampuni siku saba kurekebisha mambo, la sivyo ingependekeza huduma zake zisimamishwe. Mawaziri wa Usalama wa Ndani na wa Teknolojia ya Habari wakajitokeza kusema kwamba Facebook haitafungwa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 9 Agosti. Mawaziri hawakukosea kukataa kufunga, kwani adhabu hiyo ingewaangukia mamilioni ya watumiaji, wakiwemo wanahabari na wachuuzi. Lililodhihirika ni kwamba dola ilikuwa na rungu moja tu, nalo halingeweza kutumika bila kumuumiza asiyehusika.

Njia nyingine imefunguliwa mahakamani. Desemba 2022, Abrham Meareg, ambaye babake, profesa wa kemia nchini Ethiopia, aliuawa mwaka 2021 baada ya kushambuliwa katika Facebook, aliishtaki Meta jijini Nairobi pamoja na Fisseha Tekle na Taasisi ya Katiba. Kampuni ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024, katika kesi tofauti za wachujaji maudhui waliofanyia kazi Nairobi, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini. Aprili 2025, Mahakama Kuu ikaamua vivyo hivyo katika kesi ya Meareg.

Maamuzi hayo yanahusu mamlaka tu. Hayajagusa kiini cha madai. Kesi za aina hii zikifika kwenye ushahidi, mahakama itahitaji kuelezwa neno lilimaanisha nini kwa aliyelisoma, siku ile, mahali pale. Kazi hiyo ni ya wanaisimu.