Dhana ya Shauri na Ushauri wa Kitaaluma Mwanzoni mwa Muhula

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania hutoka katika mfumo ambamo karibu kila jambo la masomo huamuliwa kwa niaba yake. Katika kidato cha tano na cha sita husoma tahasusi maalumu, mathalani HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na ratiba yake hupangwa na shule. Chuoni hukuta kozi za lazima, kozi za hiari na kozi tangulizi, na hutakiwa kujisajili kabla muda uliowekwa haujaisha. Kosa analolitenda hapo huweza kumfuata hadi mwaka wa tatu, kwani kozi aliyoiruka huenda ikawa ndiyo msingi wa nyingine, na pengine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Makala haya yanachunguza ushauri unaotolewa wakati huo kwa kuyaangalia maneno yenyewe yanayoubeba. Hoja kuu ni kwamba neno "shauri" katika Kiswahili lina maana pana kuliko kazi ambayo kwa kawaida huitwa ushauri wa kitaaluma, na kwamba upana huo ungeweza kuinufaisha kazi hiyo.

2.0 Chimbuko la Ushauri wa Kitaaluma

Ushauri wa aina hii ulizaliwa na uhuru wa kuchagua. Pale ambapo wanafunzi wote husoma masomo yaleyale, hakuna la kushauriana. Huko Marekani, Charles Eliot, aliyeanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1869, alipanua sana uhuru wa wanafunzi kuchagua masomo. Na kadiri uchaguzi ulivyopanuka, ndivyo haja ya mtu wa kumwongoza mwanafunzi ilivyojitokeza.

Mwaka 1972 wataalamu wawili, Burns Crookston na Terry O'Banion, kila mmoja kwa upande wake, waliibadili mitazamo kuhusu kazi hii. Crookston alitofautisha ushauri wa kuelekeza, ambao mwalimu hutamka na mwanafunzi hutii, na ushauri wa kukuza, ambao wote wawili hubeba wajibu. Kwake, kushauri ni sehemu ya kufundisha. O'Banion naye alitaja hatua tano: kuchunguza malengo ya maisha, kuchunguza malengo ya kazi, kuchagua programu, kuchagua kozi, na hatimaye kupanga ratiba. Mpangilio huo una funzo: ratiba, ambayo ndiyo humshughulisha zaidi mwanafunzi mwanzoni mwa muhula, ni hatua ya mwisho.

3.0 Uchanganuzi wa Istilahi

Neno "shauri" lina asili ya Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa neno "shura", yaani baraza la kushauriana. Katika Kiswahili limepata maana kadhaa: rai anayopewa mtu, jambo linalojadiliwa, na kesi iliyo mbele ya mahakama. Aidha, katika usemi "shauri yako", ambao hukiuka upatanisho wa kisarufi unaotarajiwa, yaani "shauri lako", neno hili lina maana ya wajibu: matokeo ya jambo ni juu ya mwenyewe.

Maana hizi zinakamilishana. Jambo hujadiliwa, rai hutolewa, uamuzi hufanywa, na mwenye uamuzi huubeba. Hali kadhalika, mnyambuliko wa kutendana, "shauriana", pamoja na nomino "mashauriano", huonyesha kwamba pande zote mbili ni watendaji. Kinyume chake, jozi ya "mshauri" na "mshauriwa" humfanya mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Istilahi "ushauri nasaha" nayo huelekea zaidi kwenye matatizo ya nafsi na ya kijamii. Kuichanganya na ushauri wa kitaaluma humfanya mwanafunzi adhani kwamba kwenda kwa mshauri ni kukiri kuwa ana tatizo.

Neno "muhula" pia lafaa kuzingatiwa. Pamoja na maana ya kipindi cha masomo, lina maana ya nafasi au muda anaopewa mtu ili atimize jambo, kama vile mdaiwa anavyopewa muhula wa kulipa.

4.0 Mazungumzo na Heshima

Katika mazingira ya Tanzania, mashauriano hukabiliwa na kizingiti cha adabu. Mwanafunzi huingia, huamkia "Shikamoo, mwalimu", hupokea "Marahaba", kisha husubiri kuambiwa. Akiambiwa "Chukua kozi hizi tatu", hujibu "Ndiyo, mwalimu". Jibu hilo ni la heshima. Si lazima liwe la kuafiki, wala halithibitishi kwamba ameelewa. Mshauri anayelichukua kuwa ni ridhaa hukosea maana ya kipragmatiki ya usemi huo.

Dawa yake si kuivunja heshima, bali ni kubadili aina ya tungo. Badala ya amri, mwalimu aweza kuuliza: "Umekwisha kusoma nini, na ungependa kufika wapi?" Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa "ndiyo" pekee. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika ofisi ya mshauri, msemo huo unamhusu mwalimu kama unavyomhusu mwanafunzi.

5.0 Mipaka ya Mashauriano

Hata hivyo, si kila jambo ni la kujadiliwa. Kanuni za chuo na hesabu za krediti huelezwa jinsi zilivyo. Katika mfumo wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji angalau krediti 360, yaani wastani wa 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Ikiwa muhula una wiki 15, ni saa 40 kwa wiki. Saa hizo hujumuisha vipindi darasani, usomaji binafsi na uandishi wa kazi. Mwanafunzi anayehesabu vipindi vya darasani tu huona ana nafasi ya kuongeza kozi. Akielezwa hesabu hii, huamua vingine. Hapa kuelekeza na kukuza havipingani, kwani maelezo sahihi ndiyo huwezesha uamuzi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati unaoweza kuubeba ushauri wa kitaaluma katika upana wake. Inapendekezwa kwamba istilahi "mashauriano ya kitaaluma" itumike, ili itofautishwe na ushauri nasaha; kwamba mazungumzo yaanze na malengo kabla ya ratiba; na kwamba yaliyokubaliwa yaandikwe na kila upande ubaki na nakala, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Mwanafunzi aliyeshirikishwa hivyo ndiye anayeweza kwa haki kuambiwa kuwa uamuzi ni shauri lake. Asiyeshirikishwa, kumwambia "shauri yako" ni kumtelekeza.