Somo la Mwezi: Ndege Wanaotembelea Bustani Wakati wa Mvua

Somo la safari hii halihitaji ubao wala chaki. Linahitaji kukaa kimya mlangoni alfajiri, kabla watoto hawajaanza kukimbia.

Wengi wetu tulivuka mpaka Busia na Malaba mwaka 2008, tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa Kiryandongo. Ndege ninaowaeleza ni wa huko mpakani, ingawa wengi wao mtawaona hapa pia. Huko Ulaya, Machi hadi Mei ni majira ya miti kuchipua. Sisi tuna mvua, na mvua ikileta wadudu na nyasi mbichi, ndege hujenga.

Mtazameni kwanza kwera, yule wa manjano mwenye kichwa cheusi. Anapenda mti ulio karibu na nyumba za watu. Dume huchana nyuzi za majani ya mahindi au mgomba (mama mwenye shamba hafurahi!), kisha husuka kiota kinachoning'inia. Jike huja kukagua. Asiporidhika huondoka, na dume hukibomoa kile kiota na kuanza upya. Kaeni nusu saa tu chini ya mti kama huo, mtaona sehemu ya kazi hiyo. Chozi naye, yule mdogo wa kung'aa, hufuata utamu wa maua ya mgomba, lakini makinda yake huyalisha wadudu.

Mbayuwayu ni mgeni tofauti. Yule mwenye koo jekundu na mkia wa panda hajengi kwetu. Ana uzito wa gramu 20 hivi, naye Machi na Aprili huondoka kwenda Ulaya na Asia kuzaa. Yeremia 8:7 inamtaja kati ya ndege wanaojua majira yao. Andikeni tarehe mnayomwona mara ya mwisho.

Sasa jambo zito, hasa kwa wenye safari ya kwenda Busia upande wa Kenya. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, mtafiti Mkenya Martin Odino alieleza, miaka ya 2009 na 2010, jinsi watu walivyowanasa ndege kwa sumu ya karbofurani, dawa ya wadudu iliyojulikana kwa jina la Furadan. Iliwekwa ndani ya konokono kuwaua korongo, na kwenye nafaka kuwaua njiwa. Nyama iliuzwa kwa watu. Sumu hiyo hushambulia neva: mate hutoka mengi, mtu hutapika, hukosa nguvu, na pumzi inaweza kukatika. Msitegemee kwamba kupika kutaiondoa. Ndege aliyeokotwa amekufa asiliwe, na nyama ya ndege isiyojulikana ilivyopatikana isinunuliwe, hata ikiwa rahisi namna gani. Aliyekwisha kula akaugua apelekwe hospitali mara moja.

Nyumbani, wazazi, wekeni manati kando miezi hii. Ukiua mzazi mmoja, kiota kizima kinaweza kufa njaa. Badala yake wekeni maji kwenye kigae cha chungu, mahali paka hafiki, na kukiosha kila siku. Watoto wahesabu wanaokuja kunywa. Kuanzia Septemba wageni wa kaskazini huanza kurudi. Mtazame nyaya za umeme.