Hisa za Shamba na Hesabu ya Ukoo

Watu huhama na majina hubadilika, lakini ardhi haisogei. Ndiyo maana anayetafuta nasaba yake hufaidika akianza na shamba au kiwanja, akauliza kilitoka mikononi mwa nani kikaenda kwa nani. Ardhi huuzwa, hutolewa zawadi, huwekwa wakfu au hurithiwa. Njia hii ya mwisho ndiyo hazina yetu, kwa sababu mirathi hufuata undugu, na undugu huo una hesabu.

Tuangalie pwani ya Kenya. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wanaodai ardhi katika ukanda wa pwani wawasilishe madai yao. Kwa hiyo majalada ya zamani yamehifadhi majina ya wadai na ya baba zao, na familia za Kiislamu ziligawana ardhi hiyo kwa kanuni za mirathi.

Tuseme umekuta hati ambamo binti wa marehemu anauza hisa 7 kati ya 40. Namba hizo zimetoka wapi? Mwanamume akifa akaacha mke na watoto, wazazi wake wakiwa wamemtangulia, mke hupata thumni, yaani 1/8. Hubaki 7/8 za watoto, na wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Ukizigawa 7/8 kwa mafungu 5, kila fungu ni 7/40. Basi binti huyu alichukua fungu moja, yakabaki manne. Ya nani? Huenda ni ya kaka wawili, au ya kaka mmoja na dada wawili.

Hesabu imetuachia familia mbili bila kuchagua. Tafuta sasa hati nyingine za shamba lilelile, na jalada la mirathi kwa kadhi. Akitokea binti wa pili mwenye 7/40, dhana ya kaka wawili imeanguka.

Lakini hati huwataja warithi tu. Mtoto aliyefariki kabla ya baba yake hana fungu, hivyo hataonekana. Huyo waulize wazee. Na kila unaponakili hati, usichukue jina ukaiacha hisa: jina hukupa mtu mmoja, hisa hukuonyesha nafasi za ndugu zake.