Kuchagua Mtaa wa Kukaa

Mtu mmoja tunayemfahamu sana alitujia karibuni na swali, naye aliuliza kwa haraka maana dalali alikuwa akimngojea nje. Kodi ya nyumba yake katika Dar es Salaam ilikuwa karibu kwisha. Ana watoto watatu, na wawili wao wamekwisha fika umri wa shule. Alikuwa ameonyeshwa mahali pawili. Pa kwanza ni nyumba ya kupanga karibu na barabara kuu, kodi yake kubwa, na shule ya Serikali iliyo jirani yasifiwa na watu wengi. Pa pili ni kiwanja kando ya mji, bei yake nafuu, hewa yake njema, na kwa habari ya shule dalali alisema tu, "Inakuja." Akatuuliza, "Nichague wapi?" Hatukuweza kumjibu saa ile. Lakini twajua ya kuwa swali hili linawasumbua wazazi wengi, basi tumeona vema kulieleza hapa kwa urefu kidogo.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa uchaguzi huu si jambo la zamani. Wazee wetu waliokaa Dar es Salaam hawakuchagua. Mji uligawanywa: huku Uzunguni, huku Uhindini, na Waafrika wakawekwa upande wao, Kariakoo na Ilala. Jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Shule nazo zilitengwa kwa rangi za watu, mpaka nchi ilipopata uhuru, ndipo zikaunganishwa kuanzia 1962. Baadaye, mwaka 1974, iliazimiwa huko Musoma ya kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na sheria ya 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mwanawe shuleni. Ada zilirudi kwa muda, zikaondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 zikaondolewa hata Kidato cha Nne. Mwaka 2022 zikaondolewa Kidato cha Tano na cha Sita. Kwa hiyo mzazi wa leo hajiulizi tena kama mwanawe atapata shule. Ajiuliza atapata shule ya namna gani, na swali hilo aghalabu hujibiwa siku ile anapotia sahihi karatasi ya nyumba.

Maana mji umekua upesi kuliko madarasa. Katika hesabu ya 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika ile ya 2022 walikuwa 5,383,728. Watu hawa hawakukaa wote katikati. Walikwenda pembeni wakanunua viwanja, wakajenga chumba kimoja, wakahamia kabla ya kupiga lipu. Nyumba hutangulia, barabara hufuata, na shule huja nyuma yao. Serikali imejitahidi kuifuata njia hiyo: mwaka 2021 na 2022 yalijengwa madarasa 15,000 katika nchi nzima, na katika hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Shule shikizi ni shule ndogo iliyo chini ya shule mama, nayo hujengwa kwa ajili ya watoto wadogo wasioweza kutembea mbali.

Basi neno hili "inakuja" mzazi asilinunue. Na aende ofisi ya mtaa au ya kata, aulize: eneo la shule liko wapi? Limepimwa? Msingi umechimbwa? Halafu aende akalione kwa macho yake. Tumepata kuonyeshwa eneo la shule ambalo ndani yake mlikuwa na nyumba nne zenye watu na mgomba umekwisha zaa.

Akisha kuona, atembee. Hili ndilo shauri letu kubwa kwa habari ya umbali, wala halihitaji fedha. Mzazi amchukue mtoto mkono, watoke katika mlango wa nyumba ile wanayoitaka, saa ileile ambayo mtoto atatoka kila siku, wakiwa kwa miguu mpaka lango la shule. Dalali husema "dakika kumi," lakini dalali anapanda pikipiki. Njiani waangalie: je, kuna barabara kubwa ya kuvuka? Kuna korongo ambalo wakati wa masika hujaa maji? Kuna mapori na nyumba ambazo hazijakwisha, mahali ambapo msichana apita peke yake kabla ya mapambazuko? Na ikiwa hakuna budi kupanda daladala, wasimame kituoni waone jinsi makondakta wanavyowasukuma wanafunzi kando, kwa sababu nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Mtoto aliyesukumwa hivyo magari matano hufika darasani somo la kwanza limekwisha, naye amechoka kabla ya kufungua daftari.

Sasa tuseme juu ya sifa za shule, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulihama. Tukafanya kama wafanyavyo wengi: tukatafuta matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, tukaona shule moja imefaulisha karibu wote, tukakaza mkanda tukapanga nyumba karibu nayo. Mtoto wetu alikuwa Darasa la Pili. Alipokaa huko miezi minane, tulimpa jioni moja karatasi ya kibiritini aisome, asiweze. Tukaenda shuleni. Tukakuta darasa lake lina watoto zaidi ya mia na thelathini na mwalimu mmoja, wengine wameketi sakafuni. Walimu hodari wote walikuwa wamewekwa katika darasa la mwisho, na darasa hilo lilikaa kambi usiku na mchana, wazazi wakilipa masomo ya ziada. Hakuna aliyetudanganya. Matokeo yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa habari za watoto wa darasa la mwisho na za fedha za wazazi wao. Hayakuwa habari za mtoto wetu. Sisi ndio tuliosoma vibaya.

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi za kwanza, nasi twaona ni vema, ingawa matokeo ya kila shule yangali yanatolewa na mtu aweza kuyatazama. Lakini anayeyatazama asiishie kwenye darasa la juu. Atazame pia upimaji wa Darasa la Nne, na aulize habari za kusoma, kuandika na kuhesabu katika Darasa la Pili, kwa kuwa mtoto akikosa mambo hayo matatu mapema, miaka inayofuata huwa ni kukaa tu darasani.

Zaidi ya karatasi hizo, aende shuleni siku ya kazi, amsalimu mwalimu mkuu, aombe ruhusa ya kuzunguka. Mwalimu mkuu mwema hatamkatalia. Ahesabu watoto wa Darasa la Kwanza; kiwango cha Serikali ni watoto 45 kwa darasa, na shule nyingi za mjini zimekipita mbali, lakini 70 si sawa na 150. Aulize kama watoto husoma kwa zamu mbili, wengine asubuhi na wengine mchana, maana zamu ya mchana humaanisha mtoto arudi giza likiingia. Aangalie vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Aone kama kuna maji. Na aombe kuona daftari la mtoto yeyote, alifungue katikati. Kalamu nyekundu ya mwalimu haidanganyi: ama imepita wiki hii, ama haijapita tangu muhula ulipoanza.

Je, na fedha? Serikali hutoa kwa hesabu ya kichwa cha mwanafunzi, shilingi 10,000 kwa mwaka katika shule ya msingi na 25,000 katika sekondari. Shule ya msingi yenye watoto 1,000, basi, hesabu yake ni shilingi 10,000,000 kwa mwaka mzima, na katika hizo mna vitabu, chaki, karatasi za mitihani, na kutengeneza kitasa kilichovunjika. Msomaji ajua bei za dukani. Uji wa saa nne, mlinzi wa usiku, ukuta wa kuzuia mbuzi na wezi, hayo yote hutoka kwa nani? Hutoka kwa wazazi waliokutana wakapatana. Michango ni ya hiari, wala mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Kwa sababu hiyo hiyo, mahali ambapo watu hawakutani hakuna uji.

Hapa ndipo shule na mtaa huwa kitu kimoja. Watu wengi hudhani kwamba ni mambo mawili: kwanza nitafute shule njema, halafu nitazame kama majirani ni watu wa kukaa nao. Sisi twasema, watazame majirani nawe utaiona shule. Shule ile iliyotushinda ilizungukwa na wapangaji kama sisi, kila mmoja amekuja kwa ajili ya matokeo, kila mmoja anangoja mwanawe amalize aondoke. Katika mkutano wa wazazi tulikuwa watu kumi na wanne. Baadaye tulihamia mtaa mwingine, wenye shule ya kawaida tu, haina sifa. Siku ya mkutano wa kwanza tulikosa mahali pa kukaa. Mama mmoja muuza maandazi alisimama akamwuliza mwalimu mkuu mbele ya watu wote, fedha za madirisha zimekwenda wapi, na mwalimu akaleta karatasi akaisoma, na hesabu ilikuwa sawa. Baada ya siku ile hatukuwa na hofu.

Mtaa hujulikanaje? Si kwa kutazama mara moja, Jumapili mchana, watu wakiwa wamevaa vizuri. Nenda mara tatu. Nenda Jumatatu alfajiri uone watoto wanatoka na nani. Nenda siku ya kazi jioni uone wanacheza wapi, kama kiwanja chao kingalipo au kimekwisha uzwa. Nenda Jumamosi usiku usikie muziki wa vilabu unakoma saa ngapi. Kaa kwa muuza duka, nunua soda, uulize: mwenyekiti wa mtaa huitisha mkutano? Mwizi akiingia kwa jirani, watu hutoka? Msiba wa mwisho hapa ulikuwa wa nani, na nani walipika? Mtu akijibu swali hili la mwisho bila kufikiri, akikutajia majina, umekwisha kufika mahali penye watu. Tena angalia neno moja dogo: mtoto akifanya utundu njiani, je, mtu mzima asiye mzazi wake humkemea? Na mzazi akisikia, hushukuru au hugomba?

Lakini tusizidishe. Ujirani mwema haufundishi hesabu. Shule yenye walimu wawili kwa madarasa saba haitaokolewa na mama muuza maandazi, hata angekuwa mkali namna gani, na mzazi asimpeleke mtoto huko kwa kupenda salamu za watu. Hali kadhalika hatuwalaumu wanaowapandisha watoto katika magari ya manjano saa kumi na moja alfajiri kwenda shule za kulipia. Kila mtu ajua mzigo wake. Twasema hili tu, kwa kuwa tumeliona: katika mtaa ambao kila mwenye kusoma na kuandika amempeleka mwanawe mbali, kamati ya shule hukosa mtu wa kuuliza karatasi ya hesabu. Tena watoto wale wa magari hurudi usiku, wala hawajui jina la mtoto wa nyumba ya pili.

Yule ndugu tulimwambia haya yote, akaenda na binti yake mkubwa Jumatatu hadi kwenye kile kiwanja. Walitembea saa moja na dakika kumi kufika shule iliyo karibu. Binti hakulalamika, ila alipofika aliketi chini ya mwembe akavua viatu, na baba akaona visigino vyake. Kiwanja akakiacha. Ile nyumba ya barabarani nayo aliikataa, baada ya kuhesabu Darasa la Kwanza kupitia dirishani. Aliomba mwenye nyumba wake amwongeze miezi mitatu, akatafuta tena.

Katika miezi hiyo alifanya jambo moja ambalo wengi hulisahau. Kabla ya kulipa kodi mahali papya, alikwenda kwanza kwa mwalimu mkuu wa shule ya pale kuuliza kama nafasi ipo, kwa kuwa uhamisho hauendi pasipo shule ya kupokea kukubali. Ndipo akarudi kwa mwalimu wa shule ya zamani na kushughulikia barua. Mdogo wa kuanza Darasa la Kwanza alimwandikisha mapema, na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Nyumba aliyoipata ina chumba kimoja pungufu, na jiko liko nje chini ya bati. Mkewe hajalipenda jiko hilo. Mkutano wa wazazi ni mwezi ujao, naye amekwisha kuulizwa na majirani wawili kama atakwenda.