USALAMA NYUMBANI: Tazama jani kabla ya kula tunda

Mvua zikianza katika Katanga, watoto wetu huenda porini kutafuta masuku. Ni matunda mazuri, hatuwakatazi. Lakini matunda yenye sumu hayako mbali: mengine yameota ndani ya lupango letu. Wazazi, tuwafundishe watoto kutambua mti kwa jani na tunda pamoja.

Musuku: Majani ni mapana, magumu kama ngozi, na yamekusanyika kwenye mwisho wa matawi. Tunda ni la mviringo. Likiiva ganda lake ni la manjano au kahawia, na nyama yake ni tamu.

Sasa tujue miti mitatu ya hatari:

1. Mbono. Jani ni kama mkono wenye vidole vingi, na ukingo wake una meno kama msumeno. Tunda lina miiba laini. Ndani mna mbegu tatu zenye madoadoa, zinazong'aa. Mtoto akizitafuna, atatapika na kuhara, pengine damu. Anaweza kufa.

2. Mbono wa ua. Watu huupanda kuzunguka lupango kwa sababu mbuzi hawauli. Jani lina pembe tatu hadi tano, bila meno. Tunda ni la kijani, kisha manjano, mwisho jeusi. Mbegu zake si chungu, kwa hiyo mtoto hazitemi. Zinatapisha na kuharisha sana.

3. Mti wa urembo wenye maua ya manjano kama kengele (wataalamu wanauita Thevetia). Majani ni membamba na marefu, yanang'aa. Ukikata tawi, utomvu mweupe unatoka. Tunda ni la kijani, likiiva ni jeusi. Sumu yake inavuruga mapigo ya moyo.

Wengine husema: «Ndege wanakula, basi mtu anaweza kula.» Si kweli. Tumbo la ndege si tumbo la mtu.

Mtoto akila tunda asilolijua:

– Mtoe mabaki mdomoni, asukutue kwa maji.
– Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe mafuta wala maziwa.
– Akizimia au akisinzia sana, mlaze kwa ubavu.
– Mpeleke dispanseri mara moja, hata akiwa anacheza. Sumu ya mbono inaweza kukaa saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili.
– Leta tawi lenye majani pamoja na tunda, na utuambie saa aliyokula. Mbegu tupu mara nyingi haitoshi kutuonyesha mti. Jani linatusaidia kujua matunzo ya kutoa.

Baba, siku ya mapumziko zunguka lupango pamoja na watoto. Kila mti waulize: jani lake likoje? Tunda lake je? Mti asioujua mtoto, asile tunda lake mpaka amwulize mkubwa.